Kudai gharama za malezi ya watoto kwenye ritani ya kodi ya Kanada, hatua kwa hatua

Mwezi Machi dada mmoja aliketi mbele yangu na daftari la shule. Humo alikuwa ameandika mwezi baada ya mwezi: Januari 650, Februari 650, mpaka Desemba. Jumla dola 7,800, alizomlipa jirani aliyekuwa akikaa na mwanawe wa miaka mitatu wakati yeye yuko zamu kwenye nyumba ya wazee. Alilipa taslimu, risiti hakupewa hata moja, na jirani alikuwa ameshahamia jimbo lingine, simu hapokei. Hatukuweza kuandika hata dola moja kwenye fomu.

Huwa najitolea kuwasaidia watu wetu kujaza ritani kila mwaka kabla ya mwisho wa Aprili, na kisa cha namna hiyo hakikosekani. Kinaniuma kwa sababu sheria ya Kanada inampa mzazi anayefanya kazi haki hii waziwazi, na wanaoikosa mara nyingi ndio wanaoihitaji zaidi.

Unachodai ni nini hasa

Gharama za malezi ni makato. Serikali haikurudishii ulichomlipa mlezi; inachofanya ni kukiondoa kwenye mapato yako kabla ya kupiga hesabu ya kodi. Kiasi hicho kinaandikwa mstari 21400 wa ritani, na hesabu yake inafanywa kwenye Fomu T778.

Kuna wanaoniambia, "Mimi kipato changu kidogo, kodi yenyewe silipi, ya nini kuhangaika?" Hapo ndipo kosa lilipo. Makato haya yanashusha mapato halisi, yaani kile kinachobaki baada ya makato kwenye mstari 23600, na huo ndio mstari ambao mamlaka ya kodi, Canada Revenue Agency, yaani CRA, inautazama inapopanga zile pesa za watoto zinazoingia kila mwezi, Canada Child Benefit. Mapato halisi ya familia yakishuka, pesa za watoto zinapanda kuanzia Julai inayofuata. Kwa familia yenye watoto wawili ambayo mapato yake yako kati ya dola elfu 37 na elfu 81 hivi, kila dola 1,000 ya makato inaongeza takriban dola 135 kwa mwaka. Kwa mtoto mmoja ni 70, kwa watatu ni 190. Hesabu hiyo haijagusa kodi bado.

Hatua ya 1: Hakikisha mtoto na sababu vinakubalika

Mtoto awe wako au wa mwenzi wako, na awe alikuwa chini ya miaka 16 wakati fulani ndani ya mwaka husika. Mtoto wa ndugu unayemtunza naye anaingia ikiwa anakutegemea na hana kipato kikubwa cha kwake. Mtoto mwenye ulemavu au maradhi ya kudumu yanayomfanya akutegemee hana kikomo cha umri.

Sababu ya kumlipa mlezi iwe mojawapo ya hizi: ulikuwa kazini, ulikuwa ukiendesha biashara yako, ulikuwa ukisoma, au ulikuwa ukifanya utafiti uliopewa ruzuku. Huduma iwe ilitolewa ndani ya mwaka huohuo unaoujazia ritani. Ukilipa Desemba kwa ajili ya Januari, malipo hayo ni ya ritani ya mwaka unaofuata.

Hatua ya 2: Jueni ni nani kati yenu anayedai

Kanuni ni hii: kama mnaishi wawili, anayedai ni mwenye mapato halisi madogo zaidi, hata kama pesa zilitoka kwenye akaunti ya yule mwingine. Watu wengi wanafikiri ni busara kumwekea mwenye mshahara mkubwa ili kodi ishuke sana. CRA haikubali.

Kanuni hiyo ina mzigo wake. Mwenye kipato kidogo hawezi kudai zaidi ya theluthi mbili za mapato yake ya kazi. Kwa hiyo mama akiwa nyumbani mwaka mzima bila kazi na bila shule, theluthi mbili za sifuri ni sifuri, na baba naye hawezi kudai. Najua inauma, hasa pale mtoto alipopelekwa kwenye kituo ili azoee lugha. Lakini ndivyo sheria ilivyo: imekusudiwa kumwezesha mzazi aende kazini au darasani.

Mapato ya kazi ni mshahara wa kwenye T4, ile karatasi ya mshahara wa mwaka anayokupa mwajiri, au faida ya biashara baada ya kutoa matumizi. Madereva wa teksi na wa kupeleka chakula wazingatie hilo: kinachohesabiwa ni kilichobaki baada ya mafuta, bima na matengenezo. Pesa za bima ya ajira, zikiwemo za likizo ya uzazi, si mapato ya kazi kwa hesabu hii. Mama aliyekaa na kichanga miezi kumi kati ya kumi na miwili atajikuta kikomo chake kimebana.

Mwenye kipato kikubwa anaruhusiwa kudai kwa sababu chache: mwenzi mwenye kipato kidogo alikuwa anasoma, au alikuwa mgonjwa wa mwili au akili kiasi cha kushindwa kulea, au alikuwa gerezani kwa angalau wiki mbili, au mlitengana siku 90 au zaidi kwa ugomvi wa ndoa kisha mkarudiana ndani ya siku 60 za kwanza za mwaka uliofuata.

Hiyo ya masomo ndiyo ninayokutana nayo zaidi, maana kina mama wengi wanaofika hapa wanaingia chuo. Kwa mwanafunzi wa muda wote, masomo yawe ya angalau wiki tatu mfululizo na yachukue saa 10 au zaidi kwa wiki. Mwenye kipato kikubwa atadai kwa idadi ya wiki mwenzake alizosoma: dola 200 kwa wiki kwa mtoto wa chini ya miaka 7, dola 125 kwa wa miaka 7 hadi 16, na dola 275 kwa mtoto mwenye haki ya unafuu wa kodi wa ulemavu. Mfano: mama amesoma wiki 34, watoto wana miaka 4 na 9. Dola 325 mara 34 ni 11,050, na hicho ndicho kikomo cha baba, mradi kweli wamelipa kiasi hicho na hakizidi theluthi mbili za mapato yake ya kazi. Anayesoma kwa muda naye anahesabiwa, ila badala ya wiki zinahesabiwa kwa miezi.

Mzazi anayelea peke yake hana mtu wa kulinganishwa naye; anadai mwenyewe. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kama mumeo au mkeo bado yuko nje ya Kanada, hajaishi nawe hapa wakati wowote ndani ya mwaka ule, hahesabiwi kuwa mtu wa pili kwenye T778. Utaendelea kuandika kwamba una ndoa, maana ndio ukweli, lakini gharama za malezi ni zako kudai hata kama mapato yako ni makubwa kuliko yake.

Walioachana na kugawana malezi, kila mmoja anadai alichokilipa kwa siku ambazo mtoto alikuwa kwake.

Hatua ya 3: Chambua malipo yanayoingia na yasiyoingia

Yanaingia: kituo cha kulelea watoto, chekechea, yaya, jirani anayelea watoto nyumbani kwake, huduma ya kabla na baada ya shule, kambi za mchana za kiangazi. Kambi za kulala na shule za bweni zinaingia pia, ila kwa vikomo vilevile vya 200, 125 na 275 kwa wiki. Hata pesa uliyolipa kutangaza kwamba unatafuta mlezi, au ada ya wakala aliyekutafutia, inakubalika.

Hayaingii: nguo, matibabu, nauli, karo ya masomo ya kawaida, na michezo au burudani. Mpaka hapa ni mwembamba, na watu hujikwaa. Ukimpeleka mtoto kuogelea saa moja Jumamosi, hiyo ni burudani. Ukimpeleka kambi ya michezo ya kutwa wiki nzima mwezi Julai ili wewe uende kazini, hiyo ni malezi. Ada ya piano au ya kusomeshwa dini ni ada ya kusomeshwa. Shule ya kulipia ikikuchanganyia karo na uangalizi wa jioni kwenye ankara moja, iombe ikutenganishie, kwa sababu ni kipande cha uangalizi tu kinachodaiwa.

Kama unapata ruzuku ya jimbo au kituo chako kiko kwenye mpango wa ada nafuu wa serikali, unadai kile kilichotoka mfukoni mwako. Bei kamili si yako kuidai.

Sasa ndugu. Bibi anakaa na wajukuu, nawe unampa kitu kila mwezi. Je, inadaiwa? Inawezekana. Sheria inakataza malipo kwa baba au mama wa mtoto, kwa mwenzi wako, kwa ndugu wa karibu aliye chini ya miaka 18, na kwa mtu ambaye tayari kuna anayemdai kwenye ritani kama mtegemezi. Bibi mwenye makazi ya kudumu, ambaye hamkumwandika kama mtegemezi, anaweza kulipwa na malipo yakadaiwa. Lakini naye atatoa risiti yenye namba yake ya SIN (Social Insurance Number, namba ya mtu ya kazi na kodi), na ataandika pesa hizo kama mapato kwenye ritani yake. Kaeni chini mpige hesabu ya familia nzima kwanza, kwa sababu mapato hayo yanaweza kumpunguzia bibi malipo yake mengine. Bibi aliyekuja kwa viza ya kutembelea hana SIN wala ruhusa ya kufanya kazi ya kulipwa. Zawadi mnazompa ni heshima kwa mzazi, wala msizipeleke kwenye fomu. Binti yako wa miaka 17 anayebaki na wadogo zake naye haingii.

Hatua ya 4: Risiti, na mazungumzo ya kuipata

Kituo kilichosajiliwa hakisumbui. Kati ya Januari na Februari kitakutumia risiti ya mwaka, au utaipakua kwenye akaunti yako. Tatizo liko kwa mlezi binafsi, na ningependa tukae hapa kidogo.

Mlezi binafsi lazima aandike namba yake ya SIN kwenye risiti. Fomu ya T778 inaiuliza. Walezi wengi wa kwetu wanaogopa kuitoa. Wengine wanadhani utaiba utambulisho wao. Wengine wanajua kwamba ukidai, CRA itaona pesa iliyoingia kwao, nao hawajaitangaza. Ukilileta suala hilo Machi, baada ya mwaka mzima wa kulipana kimya kimya, unamweka mwenzako pabaya, naye atakukwepa. Lilete siku ya kwanza, kabla mtoto hajaanza kumzoea.

Mimi huwashauri waseme hivi: "Dada, nitakulipa kiasi hiki kwa mwezi, na kila mwezi nitaomba risiti yenye SIN yako kwa ajili ya kodi yangu. Kama hilo linakupa shida niambie sasa." Mlezi akikubali, mmeelewana. Akikataa, angalau unajua kwamba bei anayokutajia ni bei isiyo na makato, na unaweza kuilinganisha na ya kituo kinachotoa risiti. Mara nyingi jirani wa dola 650 bila risiti anageuka kuwa ghali kuliko kituo cha dola 700 chenye risiti. Nawe usimfiche kwamba itambidi atangaze mapato hayo. Mwambie pia kwamba akitangaza ana haki ya kutoa matumizi yake ya kazi, kama chakula na vifaa vya watoto. Ukweli huo umewatuliza walezi kadhaa niliozungumza nao.

Risiti haihitaji kuwa ya kitabu cha duka. Karatasi nyeupe inatosha ikiwa na haya: jina kamili na anwani ya mlezi, SIN, jina la mtoto, tarehe za huduma zilipoanza na kuisha, kiasi kilicholipwa, jina lako uliyelipa, tarehe, na saini ya mlezi. Iandikwe kwa Kiingereza au Kifaransa. Omba kila mwezi, ipige picha hapohapo. Lipa kwa benki au kwa uhamisho wa simu unapoweza, kwa sababu CRA ikikuuliza siku moja, risiti inayosindikizwa na rekodi ya benki haina mjadala.

Yaya anayekuja kufanya kazi nyumbani kwako kwa saa unazompangia ni jambo jingine: huenda kisheria wewe ni mwajiri wake, na utatakiwa kufungua akaunti ya mishahara CRA, kumkata michango na kumpa T4. Sehemu ya michango unayoilipa wewe kama mwajiri nayo ni gharama ya malezi unayoweza kuidai.

Hatua ya 5: Jaza T778

Sehemu A inataka majina ya watoto wako wote wanaostahili, tarehe zao za kuzaliwa, kiasi ulicholipa, na jina la kituo au jina na SIN ya mlezi. Waandike wote, hata ambaye hukumlipia chochote. Sababu inaonekana Sehemu B.

Sehemu B ndiyo ya vikomo. Kwa ritani ya mwaka 2025: dola 8,000 kwa kila mtoto aliyezaliwa 2019 au baadaye, dola 5,000 kwa kila aliyezaliwa kati ya 2009 na 2018, dola 11,000 kwa mtoto mwenye haki ya unafuu wa kodi wa ulemavu. Vikomo hivi vinajumlishwa kwa familia nzima. Mwenye watoto wa miaka 4 na 9 ana jumla ya 13,000, na anaweza kuitumia yote kwa mdogo peke yake kama mkubwa hakuwa na gharama. Nimeona watu wakijikata kwenye 8,000 huku wamelipa 10,500 kituoni, kwa sababu tu hawakumwandika kaka mtu aliyekuwa akirudi nyumbani mwenyewe.

Kisha unalinganisha namba tatu: ulicholipa, jumla ya vikomo, na theluthi mbili za mapato yako ya kazi. Ndogo kuliko zote ndiyo unayodai.

Chukua familia hii ya mfano. Baba anaendesha lori, mapato halisi dola 52,000. Mama anasafisha ofisi, 27,000. Watoto ni hao wa miaka 4 na 9. Kituo kimekula 4,800, huduma ya baada ya shule 2,700, kambi ya mchana ya kiangazi 500. Jumla 8,000. Vikomo ni 13,000. Theluthi mbili za 27,000 ni 18,000. Mama anadai 8,000. Kodi yake ya serikali kuu inashuka karibu kuisha, na mapato ya familia yanatoka 79,000 kwenda 71,000. Pesa za watoto zinaongezeka dola 1,080 kwa mwaka, yaani 90 kila mwezi.

Sehemu C ni ya mwenye kipato kikubwa aliye na mojawapo ya zile sababu za Hatua ya 2. Sehemu D ni ya mzazi anayesoma mwenyewe, akiwa peke yake au mwenzi wake naye akiwa mwanafunzi. Wengine ziacheni wazi.

Ukitumia programu iliyoidhinishwa na CRA, fungua ritani zenu wawili pamoja. Programu italinganisha mapato na kuweka makato kwa anayestahili. Ukijaza ya mmoja leo na ya mwingine baada ya mwezi, ndipo makosa yanapoingia. Mwenye kipato kidogo anaweza kusaidiwa bure kwenye vituo vya wajitoleaji vya Community Volunteer Income Tax Program. Nenda na risiti, T4, na karatasi ya tathmini ya mwaka uliopita.

Hatua ya 6: Usisahau jimbo

Ukiwa Ontario, kuna fomu ya ziada, ON479-A. Inakupa unafuu wa malezi wa jimbo juu ya makato ya serikali kuu, kwa familia ambayo mapato yake hayazidi dola 150,000, na unalipwa hata kama huna kodi. Hesabu yake inaanzia kwenye T778, kwa hiyo ukiiruka T778 umepoteza vyote viwili.

Ukiwa Quebec unajaza ritani mbili. Ya serikali kuu inabeba T778 kama kawaida. Ya Revenu Québec, mamlaka ya kodi ya jimbo, ina fomu ya Schedule C, ambayo unaijaza kwa kutumia RL-24, karatasi ambayo mlezi anatakiwa kukupa.

Tarehe, na barua ikija

Mwisho wa kutuma ni 30 Aprili. Aliyejiajiri, au mwenye mwenzi aliyejiajiri, ana mpaka 15 Juni, lakini kodi anayodaiwa lazima ilipwe 30 Aprili. Risiti huzitumi pamoja na ritani. Unazitunza miaka sita.

CRA huwaandikia watu wengi kuomba risiti za malezi. Barua hiyo si mashtaka. Kwa kawaida inakupa siku 30, na unaweza kupakia nakala kupitia My Account, akaunti yako ya mtandaoni ya CRA. Ukinyamaza, makato yanafutwa na utadaiwa tofauti, na pesa za watoto zinakokotolewa upya. Anayehama nyumba mara kwa mara abadilishe anwani yake CRA mara moja, kwa sababu nimeona makato halali yakifutwa kwa barua iliyokwenda kwenye nyumba ya zamani.

Na kama umesoma hadi hapa ukakumbuka risiti za miaka iliyopita zilizolala kwenye droo, zitoe. Ritani ambayo tayari ilishafanyiwa tathmini inaweza kurekebishwa, hadi miaka 10 nyuma, kupitia My Account au kwa fomu ya karatasi T1-ADJ. Mwaka uliokuwa na watoto wawili kituoni ndio wa kuanza nao.